ADABU ZA MUNADHARA
Namna ya kupanga mjadala katika darsa



Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, na tena uelekeapo kwisha, huzuka katika miji yetu ya Pwani mabishano yale yale: mwezi umeandama au haujaandama, na afuatwe nani. Wako wangojao tangazo la Kadhi Mkuu, na wako wafuatao Makka. Huweza kuonekana katika nyumba moja baba amevaa kanzu ya Idi na mwanawe angali amefunga. Lau khitilafu hii ingalikoma katika kufunga na kufungua, tungalisema ni jambo walilokhitilafiana maimamu tangu zamani, na kila mmoja ana dalili yake. Lakini haikomi hapo. Watu hukatana salamu; mtu huuhama msikiti wa mtaa wake akaenda kusali mbali; mwenye kuozesha huhisabu kwanza ni nani hatakuja. Na ukiuliza hoja ya huyu ni ipi, na hoja ya yule ni ipi, huenda usipate wa kukueleza. Utaambiwa kwamba fulani alimkomesha fulani barazani, watu wakacheka, naye akaondoka bila ya kuaga.

Somo letu la leo si la mwezi, ingawa tutarejea kwenye mwezi kwa mfano. Ni somo la namna ya kujadiliana. Darsa yoyote iliyo hai haikosi khitilafu, na yenye kujidai haina khitilafu ni darsa ambayo watu wake wamenyamaza tu, kila mmoja na lake moyoni. Basi yatupasa tujue mjadala hupangwaje.

Twatumia neno munadhara, wala hatusemi mabishano, kwa kuwa neno hili asili yake ni nadhar, yaani kutazama. Watu wawili walitazama jambo moja kwa pamoja ili lililo kweli liwadhihirikie wote wawili. Wanavyuoni waliifanya kuwa ilimu mbali, wakaiita Adabul-Bahthi wal-Munadhara, wakaitungia risala zake. Mashuhuri katika hizo ni ile ya Shamsuddin Samarqandi, wa mwishoni mwa karne ya 13 Miladi, na nyingine ya Tashkubrizade, aliyefariki mwaka 1561. Walioisoma hawakuisoma ili wapate ushindi. Waliisoma kama afundishwavyo kadhi namna ya kusikiliza daawa: nani aanze, nani alete ushahidi, na wakati gani shauri limekwisha.

Hata hivyo, kabla ya risala hizo kuandikwa, mfano bora ulikwisha kuwekwa na Abdallah bin Abbas (r.a.). Baada ya vita vya Siffin, katika mwaka wa 37 au 38 Hijriya, maelfu ya watu walijitenga na jeshi la Sayyidna Ali (r.a.), wakapiga kambi Harura, karibu na mji wa Kufa, nao wamekwisha kumhukumu Imamu wao kwa ukafiri. Hao ndio Makhawariji. Ibn Abbas akaomba ruhusa awaendee peke yake. Alikuwa amevaa vazi zuri la Kiyemeni, na neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa juu ya nguo hiyo: imekuwaje mtu kama yeye kuvaa vile? (Msomaji asistaajabu. Hata leo mjadala wa barazani huanza kwenye kanzu ya mtu au ndevu zake kabla ya kufikia hoja yake.) Akawajibu kwa aya ya Qur'ani, akalipitisha hilo.

Kisha akawauliza: nini mnachomlaumu Ali? Wakataja mambo matatu. La kwanza, amewafanya watu kuwa mahakimu katika amri ya Mwenyezi Mungu. La pili, alipigana katika vita vya Ngamia, lakini hakuteka mateka wala hakuchukua ngawira. La tatu, alikubali kufutiwa jina la Amirul-Muuminina katika mkataba. Ibn Abbas hakujibu neno hata moja mpaka alipowauliza kama lipo jingine zaidi ya hayo. Wakasema yatosha. Wala bado hakujibu, aliwauliza kwanza iwapo akiwatolea dalili katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Suna ya Mtume wake (s.a.w.), watarejea? Wakasema ndiyo. Hapo ndipo alipoanza. Kwa la kwanza aliwaonyesha kwamba Qur'ani yenyewe imeweka watu kuhukumu juu ya fidia ya mnyama aliyewindwa na aliye katika ihramu, na juu ya mume na mke waliogombana. Kwa la pili aliwauliza kama wangeridhia kumteka mama yao Bibi Aisha. Kwa la tatu aliwakumbusha siku ya Hudaibiya, pale Mtume (s.a.w.) alipokubali jina la utume lifutwe katika mkataba. Na kila alipomaliza jambo moja aliwauliza: je, hili nimetoka? Wakikubali, ndipo akaingia la pili. Maelfu walirudi pamoja naye siku ile.

Tazameni namna ilivyopangwa kazi hii. Madai yalihisabiwa yakafungwa, hata isiwezekane kuzuka la nne katikati ya jawabu la pili. Kipimo cha dalili kilikubaliwa kabla dalili haijaletwa. Na hakuna jambo lililoachwa wazi likaingiwa jingine. Sasa tulinganishe na mabishano yetu. Mtu huulizwa juu ya mwezi, akajibu juu ya maulidi. Akishikwa katika maulidi hukimbilia khitima. Na mwisho wake huambiwa kwamba babu yake hakuwa mwenyeji wa hapa.

Wala tusidhani kwamba utaratibu ni jambo geni kwetu. Watu wa Pwani walijua kujibizana kwa kanuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika zama ambazo miji hiyo miwili ilikuwa na uadui wa vita. Maneno yalikuwa makali, lakini kanuni ya shairi ilimfunga kila mmoja: atakayejibu na ajibu kwa mizani na vina vya aliyemwanza. Na kwa kuwa neno lilikwisha kufungwa katika beti, hapakuwa na awezaye kudai kwamba mwenziwe alisema lisilosemwa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyahifadhi mashairi ya Muyaka, na mwaka 1940 yakachapwa kitabu. Leo tunaweza kuwasikia wapinzani wale waliokwisha kuzikwa zamani. Nani awezaye leo kutusomea hoja zilizosemwa barazani mwaka jana juu ya mwezi?

Kwa upande mwingine, miaka ya 1980 na 1990 tuliona mjadala wa namna nyingine: mihadhara ya hadharani, iliyoshika sana Tanzania ikaenea mpaka kwetu, ya Waislamu na Wakristo kushindana kwa vitabu vyao penye vipaza sauti. Hatukanushi kwamba wako waliojifunza mengi humo. Lakini mkutano wa uwanjani una hakimu mmoja tu, nao ni makelele ya watu. Takbiri ikipigwa, hoja imeshinda, ijapokuwa ni hoja dhaifu. Na msemaji aliyekwisha kuonja takbiri hiyo huitafuta tena kwa neno kali zaidi. Mwezi wa Februari 1998, mashitaka juu ya maneno yaliyosemwa katika mihadhara yaliwafikisha polisi kwenye msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na katika ghasia zilizotokea watu waliuawa kwa risasi. Anayesema kwamba mjadala ni maneno tu, na aikumbuke siku hiyo.

Imamu Ghazali aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu chake cha Ihyaa, mlango wa ilimu, aliwekea munadhara masharti manane, na mojawapo ni kwamba mwenye kutafuta haki ataupenda zaidi mjadala wa faragha kuliko wa mbele ya wakubwa na makundi ya watu. Faragha humkusanya mtu fahamu zake, na mbele ya watu nafsi hutaka kushinda, iwe kwa haki au kwa batili. Sharti jingine ni kwamba lisijadiliwe ila jambo lililotokea au lililo karibu kutokea. Na jingine, ambalo sisi twaliona ndilo roho ya yote, ni kwamba mwenye kujadili awe kama aliyepotewa na mnyama wake: hajali akipatikana kwa mkono wake au kwa mkono wa msaidizi wake, na akionyeshwa hushukuru.

Basi darsa ikitaka kupanga munadhara ianze na mada, nayo iandikwe. Mada ni neno moja lenye kukubalika au kukataliwa, si jina la jambo. "Mwezi" si mada. "Umoja wa Waislamu" si mada vilevile, ni hutuba. Lakini tukisema, "Mwandamo ulioonekana katika mji wa mbali hauwalazimu watu wa mji huu kufunga," hii ni mada, kwa sababu mtu aweza kusimama upande wake au upande wa pili. Iandikwe siku saba kabla, ipewe pande zote mbili, na mwenye kuona neno lina maana mbili aseme kabla ya siku ya kikao, si siku yenyewe.

Kisha kila mmoja ajue amesimama wapi. Katika munadhara pana mdai na pana muulizaji. Mdai ndiye mwenye kuleta dalili, kama ilivyo mbele ya kadhi. Muulizaji hana mzigo wa kuthibitisha kitu. Hili ndilo lisilojulikana barazani kwetu, ambako mtu hutoa dai kisha humwambia mwenziwe, "Haya, lete aya inayokataza!" Kufanya hivyo ni kumtwisha muulizaji mzigo usio wake.

Muulizaji ana njia tatu. Ya kwanza huitwa man'i, yaani kuzuia: aishike sehemu moja ya hoja aseme, hii siikubali mpaka uithibitishe. Ya pili ni nakdhi, yaani kuvunja: aonyeshe kwamba hoja ile ile, ikikubaliwa, yaleta hukumu ambayo mdai mwenyewe haikubali. Ya tatu ni muaradha, kukabilisha: aiache dalili ya mdai ilivyo, alete dalili nyingine inayothibitisha kinyume chake. Hana ya nne. Kumcheka si njia, wala kumkumbusha alivyosema mwaka juzi.

Tuichukue mada ile ya mwezi tuone njia hizi zafanyaje kazi. Mdai ataleta hadithi ya Kuraib iliyo katika Sahihi Muslim. Kuraib alikuwa Sham, akauona mwezi usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporejea Madina mwisho wa mwezi alimpa khabari Ibn Abbas (ndiye yule yule tuliyemtaja), naye akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na hawatafuata mwandamo wa Sham bali watakamilisha thalathini au wauone. Hiyo ndiyo dalili. Muulizaji aweza kuzuia: wajuaje kwamba sababu ya Ibn Abbas ilikuwa ni umbali? Huenda ilikuwa ni kwa kuwa khabari ilimfikia kwa shahidi mmoja tu. Hapo mdai lazima athibitishe. Kupaza sauti hakutamfaa kitu.

Aweza tena kuvunja. Mdai anasema mji wa mbali hautulazimu. Vyema: mbali ni wapi? Imamu Rafii amepima umbali kwa masafa ya safari ya kupunguza Sala, nayo hayafiki kilomita 100. Lamu iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 150 hata kwa mstari ulionyoka. Basi watu wa Lamu wakiuona mwezi, na sisi huku Mnarani na ng'ambo ya Kilifi tuna mawingu, mdai atasema tusifunge? Haijapata kusikiwa mtu wa Pwani akiikataa khabari ya Lamu kwa sababu hiyo. Hoja yake imevunjika, au yataka kutengenezwa.

Na hapa ndipo faida ya munadhara ionekanapo. Mdai mwenye insafu hatakasirika. Atasema: nimeiacha kauli ya Rafii, nashika kauli ya Nawawi, apimaye kwa khitilafu ya matlai, yaani mahali mwezi unapochomozea, na matlai ya Lamu na ya Kilifi ni moja. Kuhama dalili namna hii si kushindwa. Ghazali ameweka katika yale masharti yake kwamba mtu asimzuie mwenziwe kuhama kutoka dalili moja kwenda nyingine, na Nabii Ibrahim (a.s.) alihama kutoka hoja ya uhai na mauti kwenda hoja ya jua alipojadiliana na mfalme yule aliyejidai. Mdai sasa ana kauli iliyo safi kuliko aliyoanza nayo. Muulizaji naye aweza kukabilisha: hadithi inayoamrisha kufunga kwa kuonekana mwezi imewasemeza Waislamu wote, na wengi katika wanavyuoni wa madhehebu nyingine tatu wameifahamu kuwa mwandamo wa mahali pamoja watosha wote. Na mdai arudi ajibu.

Mwisho wa kikao kama hiki huenda asishinde mtu. Lakini waliohudhuria watakuwa wamejua kwamba ugomvi wetu wote umesimama juu ya maana ya neno moja, "mbali," na kwamba upande huu una Nawawi na upande ule una maimamu wakubwa vilevile. Ni vigumu baada ya hapo mtu kumnyima jirani yake salamu kwa ajili ya neno ambalo Nawawi na Rafii wamekhitilafiana ndani ya madhehebu moja.

Yabaki mambo ya utaratibu wa kikao. Awepo msimamizi asiye wa upande wowote, na asiwe ndiye mwenye ilimu kuliko wote, maana huyo hataweza kujizuia. Pande zote mbili zimsemeze yeye, zisisemezane. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo litatualo shida yetu kubwa ya heshima. Kijana wa Pwani hawezi kumwambia mwalimu wake usoni, "Hoja yako haikusimama," wala hatumtaki aweze. Lakini aweza kumwambia msimamizi, "Naomba mwalimu atupe dalili ya sehemu ile ya pili," na hoja ikapimwa bila ya adabu kuvunjika. Mabibi wa darsa na wasiozoea kusema waandike maswali yao, nayo yasomwe bila ya majina.

Kabla ya kujibu, kila msemaji aitaje kwanza hoja ya mwenziwe kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenziwe akiri kwamba ndivyo alivyokusudia. Sharti hili huudhi sana mwanzoni. Hula wakati pia. Lakini twaamini kwamba nusu ya mabishano yetu yangalikufa hapo, kwa kuwa mtu angalikuta aliyekuwa akimpinga hakusema vile. Inapokewa kwamba Abu Hanifa alipomkataza mwanawe Hammad mijadala ya ilimul-kalami, kijana alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliifanya zamani. Akamjibu kwamba wao walikuwa wakijadiliana kwa kuogopa mwenzao asiteleze, na hawa wa leo hujadiliana kwa kutaka ateleze.

Watoto wetu huko shuleni hufundishwa mdahalo wa wapendekezaji na wapingaji, na mwalimu akampangia mtoto upande hata kama hauamini, na kura zikapigwa. Hatuoni ubaya katika hilo kwa mambo kama vile mji na shamba. Hunoa ulimi na kuondoa woga. Ila katika jambo la dini, mtu asipewe kutetea asichokiamini, wala pasipigwe kura. Kura huonyesha wangapi wamependa, na haki haihisabiwi kwa mikono. Kwa sababu hii hii tusiwaalike watu wengi. Ishirini watosha, na ikiwa idadi imezidi basi iwe ni kwa waliokuja kusikiliza, wakae kimya, bila ya takbiri wala makofi.

Wakati ugawanywe sawa, na saa ishikwe na mtu asiyeona haya. Mwandishi aandike mada, dalili za kila upande, na mahali palipokubaliwa. Kisha, kabla ya watu kuinuka, awasomee alichoandika, na kila upande uruhusiwe kusahihisha maneno yake, si ya mwenziwe. Daftari hilo likae msikitini, lisomwe na atakaye, ili mwakani atakayefungua tena mlango ule aanzie pale pengine walipoachia. Na kikao kikianza baada ya Magharibi, kikatike kwa adhana ya Isha, hata kama msemaji yumo katikati ya neno. Lililobakia liandikwe, lingoje wiki ijayo.